Studio Iliyohamia Ilongero

Siku mliponiaga pale idarani mlinipa kitenge na saa ya ukutani, na mmoja wenu akasema, "Mwalimu, usiondoke na vitu kichwani. Tuandikie." Sasa nimekaa Singida Mjini miezi kadhaa, si mbali na Ziwa Kindai. Saa yenu iko ukutani, na kila asubuhi inanikumbusha kwamba sina kipindi. Basi naandika.

Vyeo vyangu sitavieleza. Vilibandikwa mlangoni kila vilipobadilika, na mshahara wa mwalimu wa chuo kila mtu anaukisia akitazama viatu vyake. Nitaeleza jinsi tulivyofundisha usanifu majengo huku chuo chenyewe kikibomolewa na kujengwa upya, kwa sababu hayo ndiyo mtakayokutana nayo ninyi. Tena kuna jambo moja tulilifanya katikati ya mabadiliko hayo ambalo nikilikumbuka hadi leo natabasamu peke yangu jikoni.

Nilianza kazi nikiwa mkufunzi msaidizi, binti kutoka Ilongero aliyelelewa na uwele na alizeti, na wakati huo Dar es Salaam ilikuwa bado inanitoa jasho kila saa. Mkuu wangu alikuwa Mwalimu Temba. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, na shati lake lilikuwa na penseli mfukoni hata kwenye misiba. Siku ya kwanza nilijiandaa kupewa chaki. Yeye alinipa wembe.

"Huu ndio ualimu wenyewe," aliniambia.

Zamani tulichora kwa kalamu za wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga, na kosa lilikwanguliwa kwa wembe. Akanionyesha kwenye mchoro wa mwanafunzi mmoja. "Ukikwangua sana, karatasi inatoboka. Ukikwangua kwa huruma, kosa linabaki. Na mwanafunzi ni hivyo hivyo, binti."

Studio yake ilikuwa ukumbi mrefu wenye meza za kuchorea, na kila mwanafunzi alikuwa na meza yake mwaka mzima. Aliijia asubuhi kama mkulima anavyokwenda shambani kwake. Akiwa na rula ya T, rula ya skeli, kadibodi na gundi, aliachwa akosee polepole. Mwalimu Temba alipita katikati ya meza, mikono nyuma, akisimama mbele ya mchoro bila kusema neno mpaka mwenye mchoro aanze kujikuna. Kisha aliuliza swali lake moja: "Nani analala hapa?"

Wengi walijibu, "Hiki ni chumba cha kulala, Mwalimu."

"Sikuuliza chumba. Nimeuliza nani."

Nilimwona kijana mmoja mwenye sifa kubwa akikaa chini kwa swali hilo, maana alikuwa amechora nyumba nzima bila mtu ndani. Nilijifunza kazi yangu pale, nikiwa nyuma ya Mwalimu Temba hatua chache, nikibeba kikombe chake cha chai.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja na projekta. Wataalamu wa mitaala walitukusanya ukumbini, wakazima taa, wakatueleza kwamba mwaka wa masomo sasa unakatwa kuwa mihula, masomo yanakatwa kuwa kozi, na kila kozi inapimwa kwa krediti kulingana na saa za darasani. Ilikuwa nadhifu sana pale ukutani. Tatizo likawa studio. Hesabu yao ilipima mhadhara vizuri, lakini mwanafunzi anayekaa na mchoro mmoja tangu mvua za vuli hadi masika hawakumpatia kipimo. Mwisho studio ikahesabiwa kama somo lingine lolote. Ina kipindi, kipindi kikiisha mnatoka, wanaingia wengine.

Ukumbi wetu ukaanza kutumiwa na masomo ambayo hata majina yake sikuyajua. Meza za kuchorea zikapangwa moja juu ya nyingine kwenye korido. Wanafunzi wakawa wanatembea chuoni na michoro imekunjwa kwapani kama wauza mikeka.

Mwalimu Temba alistaafu mwaka huohuo. Nilimfuata nikiwa na hasira, nikamwambia nitaikataa ratiba hii mbele ya kila mtu. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba ya katani.

"Usigombane na ratiba," alisema. "Ratiba haina masikio. Gombana na watu. Watu wanayo."

Niwe mkweli, mabadiliko yale hayakuwa mabaya yote, na msimwamini mstaafu anayewaambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa asali. Zamani mwanafunzi akiugua wakati wa mtihani, alirudia mwaka mzima. Mfumo mpya ulimrudisha kwenye kozi moja tu. Zamani mwalimu mmoja akikuchukia, ulikuwa umekwisha. Sasa kulikuwa na watahini kutoka nje na njia ya kukata rufaa. Wasichana waliongezeka, na wanafunzi kutoka mikoa ya bara wakaongezeka, nikaacha kuwa peke yangu ninayesema "baridi" nikimaanisha baridi kweli. Hata zile fomu ambazo wanafunzi wanajaza kutupima sisi walimu zilinisaidia. Mmoja aliandika: "Mwalimu anauliza swali moja kila siku." Nililichukulia kama sifa.

Kompyuta nayo iliingia, na mimi niliiogopa. Nilizoea penseli, ile ikikataa unaichonga. Kompyuta ikikataa unaitazama tu. Nilikaa madarasani pamoja na wanafunzi wangu, mstari wa mbele, nikajifunza, na nikafika mahali nikaipenda. Kitu tulichokichora kwa wiki nzima sasa kilitoka kabla ya chakula cha mchana. Ila niligundua hatari yake mapema. Kwenye kioo cha kompyuta, ukuta hausimamishwi na tofali, jua linawashwa na kuzimwa kwa kidole, na upepo haupo kabisa.

Ndiyo maana nilishikilia sana safari ya vijijini. Kila mwaka tuliwapeleka wanafunzi mahali nje ya jiji, wakakaa na watu, wakapima nyumba zao, wakabuni jengo kwa ajili yao. Yalipokuja mabadiliko ya pili, yale ya kubana mtaala, safari hiyo ndiyo iliyowekewa alama nyekundu.

Aliyeniita alikuwa Dokta Kileo, msimamizi wa taaluma katika kitivo chetu. Alikuwa muungwana na aliyaamini mabadiliko kwa dhati. Sitaki mmwone kama adui.

"Mwalimu, naielewa nia yako," aliniambia. "Lakini nionyeshe mahali pa kuiweka. Muhula umejaa. Kwenye mfumo hakuna sehemu inayoitwa kukaa kijijini."

"Kuna likizo ndefu," nikasema. "Na kuna mafunzo kwa vitendo, ambayo tayari yana krediti. Tuyaunganishe. Badala ya kila mwanafunzi kwenda kukaa kwenye ofisi ya mtu akitumwa kununua chapati, twende wote tujenge kitu."

"Mjenge?"

"Tujenge."

Alivua miwani. "Nitakuruhusu mara moja. Mtahini wa nje atakuja kuwaona hukohuko. Akisema hii si elimu ya chuo kikuu, tunaifuta moja kwa moja, na usinijie tena na jambo hili. Tumekubaliana?"

Nikasema tumekubaliana. Nilipotoka nje ndipo nilipoanza kupiga hesabu. Tukishindwa, watoto watakaokuja baada ya hapo watasoma usanifu bila kuwahi kukanyaga msingi wa jengo hata mara moja.

Nilichagua kwetu, Ilongero. Pale zahanati ilihitaji nyumba ambamo kina mama wajawazito wanaotoka mbali wangekaa kusubiri siku zao, ile ambayo watu wanaiita "mama ngojea". Wazee wa kijiji walikuwa wamekwisha kufyatua na kuchoma matofali, na mawe ya msingi Singida hatuyatafuti. Yanatutafuta yenyewe kila tukilima. Kilichokosekana ni ramani na mikono.

Kabla ya kuondoka Dar, wanafunzi walishindanishwa kubuni. Aliyeshinda alikuwa Ramadhani, yuleyule ambaye leo mnamwita Dokta na kumwogopa kwenye usahihishaji. Wakati ule alikuwa kijana mwembamba wa Itigi, baba yake mfanyakazi wa reli, na kwenye kompyuta hakuwa na mpinzani. Mchoro wake ulikuwa na baraza pana linalotazama mashariki, lililo wazi toka mwanzo hadi mwisho, na vyumba vikifunguka humo. Kwenye kioo jua la asubuhi liliingia humo kwa upole, na kina mama waliochorwa walikaa wakitabasamu. Walimu wenzangu walipiga makofi. Nami nilipiga.

Tulifika Ilongero mwezi wa saba. Wenye kujua Singida mwezi wa saba wanajua ninachosema. Alizeti imekwisha kuvunwa, mashamba yako wazi, na upepo unatoka mashariki hauna cha kuuzuia. Siku ya kwanza ulichukua kofia mbili na mchoro mmoja, na mchoro tuliukuta umenasa kwenye miiba ya zizi la mtu.

Tulipiga vigingi, tukavuta kamba kufuata ramani ya Ramadhani. Nilipoona baraza limekaa wapi, nilimwita kando.

"Ramadhani, simama hapa. Unasikia nini?"

"Upepo, Mwalimu."

"Basi?"

Alikunja uso. "Mwalimu, tutaweka mapazia ya turubai. Mchoro huu ulipata alama ya juu. Jopo zima lilikubali."

"Upepo haukuwa kwenye jopo."

Wenzake wakacheka, na nikajua papo hapo kwamba nimekwangua sana. Alinyamaza kuanzia hapo. Alifanya kazi, akachimba, akabeba mawe, lakini mtu akimwuliza habari ya ramani alisema tu, "Mwulizeni Mwalimu." Nilikuwa na mwezi mmoja hivi, msingi haujaanza, mtahini yuko njiani, na mbunifu wangu amesusa. Ningeweza kuibadili ramani mwenyewe kwa dakika chache. Lakini lingekuwa jengo langu, na mtahini angekuwa amekuja kuniona mimi.

Nikafanya kitu kingine. Nilimwomba Sista Bahati, muuguzi wa zahanati, awaalike kina mama waliokuwa kliniki siku ile waje wakae ndani ya kamba zetu, kila mmoja kwenye chumba ambacho hakijawa chumba. Tukatandika mikeka. Kisha nikawaambia wanafunzi waache kalamu, kila mmoja akae na mama mmoja mpaka jua ligeuke, na waulize watakavyo. Ramadhani nikampa mama aitwaye Mariamu, aliyetoka kijiji cha mbali, na ujauzito wake ulikuwa mkubwa.

Niliketi karibu, nikijifanya nachambua maharage ya chakula cha jioni. Mwanzoni Ramadhani aliuliza maswali ya kwenye karatasi. Umri, umbali, anaishi na nani. Mariamu alijibu kwa kifupi, huku akivuta khanga kujifunika vumbi usoni. Mwishowe kijana akaishiwa maswali. Vumbi likawafunika wote wawili.

Ndipo akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Dada, ungekuwa wewe unakaa hapa wiki mbili unasubiri, ungekaa wapi mchana?"

Mariamu aliangalia huku na huku. "Si hapa barazani. Hapa ni barabarani, kila anayepita kwa pikipiki ataniona nilivyo. Ningekaa kule nyuma, kwenye mgongo wa upepo. Na jiko lisiwe mbali. Mama mkwe wangu ndiye atakuja kunipikia, na magoti yake hayatembei."

"Kwa hiyo na mama mkwe atalala hapa?"

"Sasa atalala wapi, kaka? Mtini?"

Ramadhani alicheka, na Mariamu akacheka akishika tumbo. Kisha nikamwona kijana anasimama, anakwenda upande wa magharibi wa kamba, anachuchumaa. Alikaa pale muda mrefu, mgongo ameupa upepo. Sikumfuata. Kuna wakati mwalimu anafundisha kwa kuchambua maharage.

Kabla ya jua kuzama alikuja na fimbo mkononi. "Mwalimu, naomba ruhusa ya kung'oa vigingi."

"Vingapi?"

"Vyote."

Aliigeuza nyumba. Upande wa mashariki akaupa ukuta mzito wenye matundu madogo ya juu, baraza akalileta nyuma, likawa ua unaokumbatiwa na vyumba na jiko, na kila chumba kikapata nafasi ya mtu wa pili, yaani mama mkwe. Paa akalishusha upande wa upepo. Nilipoutazama mchoro ule, alioupiga kwa penseli juu ya mfuko wa saruji, niliona kitu nilichokijua tangu utotoni. Nyumba zetu za tembe zilikaa hivyohivyo, fupi, zimejiinamia, zimeupa upepo bega. Yeye hakuiga tembe. Alifika hapo kwa miguu yake mwenyewe, na hicho ndicho kilichonifanya niondoke pale nikajifute macho nyuma ya tangi la maji, nikisingizia vumbi.

Toka siku hiyo hakukuwa na kususa. Fundi wa kijiji aliwafundisha kupandisha kona, wakapandisha, wakabomoa, wakapandisha tena. Wasichana wa mjini waliokuja na losheni ya jua wakawa wanabishana kuhusu mchanganyiko wa zege la linta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha. Mwanafunzi mmoja aliniambia hakujua kwamba mstari mmoja kwenye mchoro una uzito wa ndoo nyingi namna ile.

Mtahini wa nje alifika wakati tunafunga kenchi za paa. Alikuwa profesa mzee, suti ya kijivu, ambayo upepo uliigeuza nyekundu kwa vumbi kabla hajamaliza kusalimiwa. Dokta Kileo alikuwa naye. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya krediti na malengo ya kozi. Profesa akaniashiria nisubiri. Akamwita Ramadhani.

"Kwenye mafaili nina mchoro mwingine wenye jina lako," alisema. "Ule mzuri. Huu si ule."

"Ndiyo, Profesa. Ule niliuacha."

"Kwa nini uliuacha mchoro uliopata alama ya juu?"

Ramadhani alimwomba avuke, asimame upande wa mashariki, nje ya ukuta. Profesa akasimama, tai ikampiga usoni. Kisha Ramadhani akamleta ndani uani, nyuma ya ukuta uleule. Tai ikatulia kifuani. Tukasikia upepo ukipita juu yetu, kwenye mabati, bila kutugusa.

"Ule ulikuwa mzuri kutazama," Ramadhani alisema. "Huu ni wa kukaa."

Profesa aliuliza mengine mengi, kuhusu msingi, kuhusu maji ya mvua, kuhusu nani aliamua jiko liwe pale, na wanafunzi walimjibu mmoja baada ya mwingine wakiwa na saruji kwenye kucha. Jioni, tukila ugali na mlenda kwenye ukumbi wa zahanati, alimgeukia Dokta Kileo.

"Uliniita nije kuamua kama hii ni elimu ya chuo kikuu."

"Ndiyo, Profesa."

"Andika kwamba niliuliza kwa nini haifanyiki kila mwaka."

Dokta Kileo akanitazama. "Mwalimu," akasema, "nitakusaidia kutafuta mahali pa kuiweka kwenye mfumo."

Na alitafuta kweli. Vikao vilikuwa vingi, na seneti ilituuliza maswali ambayo mengine yalikuwa ya haki. Mwishowe safari ikawa kozi kamili, ya lazima, yenye krediti zake, na Dokta Kileo ndiye aliyeitetea kwa sauti kubwa kuliko hata mimi. Studio ya mwaka mzima haikurudi. Meza zile za kuchorea ziliuzwa kwenye mnada, na hilo bado linaniuma. Ila kila likizo ndefu kuna mahali fulani nchini ambapo wanafunzi wetu wanavuta kamba, na hakuna hata mmoja anayehitimu bila kuwahi kubeba tofali alilolichora.

Mabadiliko mengine yalikuja baadaye, na mengine yanakuja sasa hivi. Nasikia mtaala utapimwa kwa umahiri, yaani kwa kile mwanafunzi anachoweza kukifanya. Nimewasikia baadhi yenu mkilalamika. Someni kwanza. Huenda mle ndani kuna mlango mliokuwa mnautafuta, mnachotakiwa ni kuusukuma tu.

Wiki iliyopita nilipanda bodaboda kwenda Ilongero kuwasalimia ndugu. Nikapitia zahanati bila kumwambia mtu. Nyumba ipo. Imepakwa rangi ya bluu ambayo msanifu yeyote angeikataa, na upande mmoja wa ua wameujengea kibanda cha kuku bila kuuliza mtu. Kina mama watatu walikuwa wamekaa uani wanachambua mboga. Nje upepo ulikuwa unavuma kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama," mmoja alinisalimu. "Umemleta mkweo?"

"Marahaba. Hapana, napita tu."

"Basi pita, ukae. Huko nje utapeperushwa."

Akasogea, akanipa nusu ya mkeka wake. Aliniuliza kama najua kuchambua mlenda, nikamwambia hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo maishani kabla ya nyingine zote. Hakuniuliza nyumba ile ilijengwa na nani, na mimi sikumwambia. Nilivua viatu, nikakunja miguu, nikachukua fungu langu la majani.